Pedali ya Pili

Mwalimu wa pikipiki alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alimsimulia kila aliyefanya kosa la kumsalimia: tangu aanze kufundisha, hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuanguka. Hata mmoja. Walikuja watu ambao hata baiskeli hawajaigusa, wakaja na wanaotetemeka mpaka meno yanagongana, na wote walishuka na magoti yao mazima.

Siri yake ilikuwa kipande cha chuma. Alimtafuta mchomeleaji akamtengenezea pedali ya pili ya breki, upande wa kulia, pale abiria anapoweka mguu, ikaungwa kwa ufito wa chuma mpaka kwenye breki ya gurudumu la nyuma. Mwanafunzi anakaa mbele, Mwalimu nyuma yake, mguu juu ya chuma chake, macho yamepita juu ya bega la mwenzake. Pikipiki ilikuwa moja tu, nyekundu, tangi limebonyea lakini inawaka kwa teke la kwanza. Darasa lilikuwa kiwanja cha vumbi nyuma ya ghala la saruji, na matairi mabovu yakiwa yamepangwa kuonyesha njia.

Basi pikipiki hiyo ikaanza kula breki za nyuma. Sisemi kula kidogo. Inafungwa breki mpya leo, na kabla watu hawajasahau kwamba ni mpya gurudumu linaanza kukwaruza. Likifunguliwa, unamwagika unga mweusi, na ndani vimebaki vyuma vitupu.

Mwalimu alianza na muuza vipuri, akamwambia anauza takataka. Muuza vipuri akala kiapo kwa jina la mama yake. Mwalimu akahamia duka la pili, breki zikaisha vilevile. Akalilaumu vumbi la saruji, akaulaumu mteremko, na alipoishiwa na watu wa kuwalaumu akamgeukia fundi wake, ambaye alikuwa mdogo wa mkewe na hakujua kunyamaza.

"Shemeji, wewe unazikaza mno hizi breki."

"Nazikaza kama za wenzako, shemeji. Za wenzako zinakaa mpaka wanasahau bei yake. Labda wewe unazinywea chai."

Mwalimu akaondoka amenuna. Lakini breki, kusema kweli, hazikuwa zinamuuma kama jambo la pili, nalo lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe alikuwa mhudumu wa zahanati, na miaka yote kazi yake ilikuwa kukaa dirishani akiita majina ya wagonjwa. Sasa zahanati ilikuwa imenunua pikipiki ili mhudumu mmoja awafuate majumbani wasioweza kutembea: wenye vidonda vya kusafishwa, wazee, wanawake waliojifungua juzi. Mama watoto aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Mganga mkuu alikubali kumpa, ila kwanza apate leseni, na tayari alikuwa ameshindwa mtihani mara mbili. Mara zote alishindwa mahali pamoja, kwenye mstari mweupe wa kusimama. Mkaguzi anainua mkono, mama watoto anaupita mstari, anampita na mkaguzi. Ijumaa ilikuwa mara yake ya mwisho. Akishindwa tena, pikipiki anapewa mwenzake.

"Huyo mkaguzi ana kisirani," Mwalimu alisema. "Hata wanafunzi wangu wengine anawaangusha palepale."

Unaweza kudhani mtu mzima akishasema maneno hayo kwa mdomo wake ataanza kushuku kitu. Hakushuku.

Jumatano jioni walikwenda kiwanjani kufanya mazoezi. Breki zilikuwa mpya, zimefungwa asubuhi. Mama watoto aliwasha, akatia gia, akazunguka matairi vizuri kabisa, mgongo umenyooka. Mwisho wa kiwanja palikuwa na lundo la mchanga, na mbele yake Mwalimu alikuwa amechora mstari kwa chokaa. Mstari ulipokaribia, mguu wa Mwalimu ulishuka wenyewe kama kawaida yake. Pedali ikaenda chini bila kushika kitu, maana chuma kilikuwa kimekatika pale kilipochomelewa.

"Breki!" Mwalimu akapiga kelele.

"Mbona haisimami?" mkewe naye akapiga kelele.

"Kanyaga breki!"

"Lakini huwa inasimama yenyewe!"

Wakaingia mchangani. Pikipiki ilizama mpaka injini ikazimika, mama watoto akakaa chini taratibu, na Mwalimu akapita juu yake, akatua kifudifudi upande wa pili. Halafu kikasikika kicheko, na Mwalimu, akitema mchanga, akatambua kuwa ni cha mkewe.

"Umeumia?" akauliza, roho juu.

"Sijaumia. Hebu njoo uone."

Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, akizitazama pedali mbili. Yake, ile ya mbele, mpira wake ulikuwa bado na michirizi yake ya dukani, safi. Ya nyuma ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama kijiko.

"Mwalimu," alisema, na alimwita hivyo anapokuwa na hoja. "Pikipiki hii nani anaiendesha?"

Mwalimu akaitazama ile pedali inayong'aa. Akawakumbuka wanafunzi wake mmoja mmoja, migongo yao mbele yake, na mguu wake chini, chini, chini. Alikuwa akishika breki kabla hawajaanza kufikiri kushika breki. Aliwafundisha gia, aliwafundisha vioo, na kusimama akawasimamia yeye. Masikio yakamwaka moto kwa aibu.

"Naogopa," akasema hatimaye. "Wengine naogopa kidogo. Wewe ukikaa hapo mbele, naogopa mpaka mguu unasahau kuinuka."

"Najua, baba watoto. Lakini nikienda kwa wagonjwa utakaa wapi na chuma chako?"

Waliisukuma mpaka kwa fundi. Shemeji mtu alikitazama chuma kilichokatika, akamtazama na Mwalimu aliyejaa mchanga mpaka kwenye nyusi, na kwa heshima zote akajitahidi asicheke, akashindwa.

"Nikuchomelee kingine, shemeji? Nitaweka kinene."

"Kitoe," Mwalimu alisema kwa shingo upande. "Kitoe chote."

Alhamisi mama watoto alipanda peke yake. Mwalimu aliambiwa akae kwenye kivuli cha ghala na asisogee. Raundi ya kwanza alikanyaga kwa hofu, gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikalala ubavu naye akalala nayo. Mwalimu alikuwa ameshafika katikati ya kiwanja.

"Rudi ulipokuwa!" mkewe akamwambia, akijipangusa goti linalotoka damu.

Akarudi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kukaa tu kivulini mikono mitupu. Mkewe akainua pikipiki, akazunguka, akapitiliza mstari. Akazunguka tena, akaufikia. Jua lilipoanza kupoa alikuwa akisimama anapotaka, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Ijumaa mkaguzi aliinua mkono, mama watoto akasimama kabla ya mstari mweupe, na mkaguzi akalazimika kusogea mbele ili ampe karatasi yake.

Jumatatu asubuhi pikipiki ya zahanati ilikuwa mlangoni kwao, na sanduku la dawa limefungwa pale pa kukalia abiria. Mwalimu alikuwa ameamka mapema, akapima upepo wa matairi, akaangalia mafuta, akafuta vioo vilivyokuwa safi. Alikuwa na hotuba nzima kichwani: kona ya kiwanda cha mbao, kokoto za njia ya juu, mbuzi, ule mteremko wa kisimani. Mkewe akavaa helmeti, akakaa, akangoja, kwa sababu alimjua mumewe.

"Haya, sema."

Mwalimu akalitazama sanduku, akaona hakuna nafasi ya mtu.

"Nenda, mama watoto. Wanakungoja."

Akaenda. Pale njia panda mama mmoja mwenye ndoo alikuwa anataka kuvuka. Taa ya breki ikawaka nyekundu, pikipiki ikatulia, mwenye ndoo akavuka bila haraka, na mama watoto akaendelea na safari yake.

Mwalimu alibaki mlangoni akijifuta machozi kwa kitambaa cha vioo, furaha imemjaa mpaka hana pa kuiweka. Jirani akatoka, akamuuliza kulikoni.

"Umeona alivyosimama?" Mwalimu akasema. "Umemwona?"