Kumtoa Mama Helena

Waingereza, sijui nani aliwaudhi, wana maneno chungu nzima ya kumfanya mtu atende asilolitaka. Mwaka ule wa sabini na nne Sabina alikuwa akiyafundisha kidato cha tatu, mjini Mtwara. Force, aliwaambia, ni kumkamata mtu na kumsukuma, atake asitake. Compel ni kumzibia njia zote ibaki moja, kisha unamwachia apite kwa miguu yake. Urge ni kumsemesha mpaka achoke kukusikia. Hayo wanafunzi waliyameza bila taabu. Alipofika kwenye oblige, akasema ni pale mtu anapojiona hana budi ingawa hakuna aliyemgusa, Ismaili, kijana wa Mikindani asiyekubali jambo kirahisi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama hakuna aliyemgusa, si akae zake nyumbani?"

Darasa lilicheka na Sabina akacheka nalo. Kengele ikamwokoa.

Kwake lakini hakukuwa na kicheko. Mumewe Andrea, karani wa bandarini, alikuwa amekosa raha kwa ajili ya mama yake. Mama Helena alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye mikorosho yake huko ndani, ukiipita Nanyamba, na amri ilikwishatoka kwamba watu wote wa huko wahamie kijiji kipya cha ujamaa. Mgambo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Anayekubali anapakiwa kwenye lori. Anayekataa, nyumba yake inaezuliwa, halafu anapakiwa vilevile. Andrea alitaka mama aje mjini kabla hawajamfikia. Alimjua: angeikumbatia nguzo ya nyumba, wangemng'oa na kumbeba mzobemzobe mbele ya majirani, na jambo hilo Andrea hakuweza hata kulifikiria.

Kwanza alituma lori la kukodi na binamu wawili wenye vifua. Mama Helena akawapikia, wakashiba, akalijaza lori makopa, ule muhogo mkavu wa akiba, akaliambia safari njema. Andrea akabadili mbinu. Akaacha kupeleka sabuni na mafuta ya taa, ili shida imtoe. Mama akaanza kulala na kuku, akiwaambia watu kwamba taa ni za wenye vitabu. Mwisho akatumwa katekista, mtu mwenye maneno matamu, akamsemeshe. Huyo alirudi jioni mikono imejaa malengelenge. Alikuwa amepasua kuni mchana kutwa.

Sabina aliyaona yote hayo, somo lake likimpitia mbele ya macho, lakini akili yake haikuwa huko. Mimba yake ilikuwa imekuwa kubwa, na aliogopa. Mama yake mzazi alikwishafariki kwao Mbinga. Uzazi wa kwanza ni wa mama wa binti. Ndiye ampokeaye mtoto, ndiye akandaye na kupika uji mpaka arobaini itoke. Mama mkwe hajipeleki, watasema kanyakua kisicho chake. Na Andrea, kwa adabu ya kwao, hakuweza kumtamkia mama yake kwamba mkewe ni mjamzito. Basi aliagiza lori, akaagiza katekista, ila habari yenyewe hakuiagiza.

Jumamosi moja Sabina alipanda basi la Nanyamba bila kumuaga mumewe vizuri. Alimkuta mama mkwe uani akimenya muhogo. Mama Helena alimtazama tumbo, akatazama pembeni, akamsogezea kigoda na kisu kingine. Wakamenya. Waliongea habari za mvua, za nguruwe pori, za bei ya korosho. Sabina alikuwa amejiandalia hotuba nzima ndani ya basi, ya usalama na ya zahanati. Badala yake akajikuta analia, maganda mkononi.

"Mama, naogopa kuzaa. Sina mtu."

Kisu cha Mama Helena kilisimama.

"Kumbe unajua kusema? Miezi yote hii nakaa hapa nasikia kwa wapita njia kwamba mkamwana wangu mzito. Najiuliza, wana mtu wao? Hawanitaki?"

"Andrea aliona haya, mama."

"Andrea! Analeta lori, eti nije kuhifadhiwa. Mie makopa, nihifadhiwe?" Akajifuta macho kwa pembe ya kanga, kwa hasira. "Mnanionea huruma nyote, hakuna hata mmoja anayenihitaji. Ningeitwa tangu siku ile ya lori, ningekuja kwa miguu."

Asubuhi alikwenda kwenye kaburi la mumewe nyuma ya mikorosho, akainama huko kwa muda. Aliporudi alishika shoka. Sabina alishtuka, lakini mama alikuwa anakwenda mlangoni. Akagonga bawaba za mbao zikaachia, akauondoa mlango wa mninga aliouchonga marehemu, akajitwika.

"Nyumba wataezua, nalijua," alisema. "Huu hawaushiki."

Njiani walikutana na mgambo, vijana watatu wenye shoka na kamba. Mmoja wao, aliyemfahamu, aliinamisha kichwa akamwamkia shikamoo.

"Umefanya vizuri kukubali kuhama, mama. Tupe mzigo tukusaidie."

"Marahaba. Sijakubali kitu mie. Nimeitwa na mkamwana."

Akapita katikati yao na mlango wake kichwani, nao wakapisha. Andrea angemwona vile angelala usingizi mwezi mzima.

Kondakta alibishana kidogo kuhusu mlango, halafu akaufunga juu ya keria. Wakakaa kiti cha nyuma. Basi lilipoondoka Mama Helena aligeuka akatazama dirishani mpaka mikorosho ikaisha, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alilia bila sauti, kinywa amekiziba kwa kanga. Hapo ndipo Sabina alipoumia moyo. Lori lilishindwa, shida ilishindwa, maneno matamu yalishindwa, na mgambo walikuwa hawajafika. Aliyemtoa mama huyu kwake na kaburini kwa mumewe alikuwa yeye, na wala hakumgusa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Ni mimi niliyekutoa."

Mama Helena alimshika mkono akaubana sana, mpaka ukauma.

"Ni wewe," alisema. "Sasa kaa vizuri, usimkunje mtoto."