Siku Tano za Uongo

Jumatatu ile, bafuni kwetu Vingunguti, niliutafuta uzi wa kitanzi changu cha kuzuia mimba kwa kidole nisiupate. Muuguzi aliyeniwekea alinifundisha kuupapasa kila mwezi, siku zangu zikiisha. Nikarudia mara tatu. Hola. Na mume wangu alikuwa amerudi Ijumaa kutoka safari ya wiki tatu, sina haja ya kueleza zaidi.

Uzazi wa pili ulinitoa damu nusura nife. Daktari akasema wa tatu tusijaribu. Mimi na mume wangu tukakubaliana kitanzi, ila mama yake, tunayeishi naye, hatukumwambia. Yeye alitaka mjukuu mwingine, na kitanzi kwake ni kitu kinachopanda mpaka moyoni.

Badala ya kwenda kliniki nikakimbilia duka la dawa, nikanunua kidonge cha dharura, nikakimeza palepale. Haraka haraka haina baraka. Siku zangu zilipofika, hazikuja. Siku ya pili, ya tatu, ya nne. Nikapima mkojo, mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Sikuuamini. Darasani nilishika chaki nikasahau nilichotaka kuandika.

Nyumbani kwetu mwezi haufichiki. Mimi na mama mkwe huswali pamoja sebuleni, na ninapokaa kando kwa hedhi hahitaji kuuliza. Kumbe alikuwa anahesabu. Asubuhi moja akaniwekea kisahani cha udongo, ule wanaotafuna wajawazito.

"Mwanangu, mie si mtoto. Saa hizi ulikuwa ushakaa kando zamani."

Alicheka kwa furaha hadi nikamchukia, kisha nikajichukia mwenyewe. Adhuhuri sikutandika mswala. Nikamwambia siku zimeanza. Akakiondoa kisahani.

Ndipo nikaenda kliniki. Muuguzi akapima, akaangalia.

"Kitanzi kipo, dada. Uzi umejikunja tu kwa ndani. Hakuna kinga isiyoshindwa kabisa, lakini kushika mimba kikiwa mahali pake ni nadra mno, na wewe huna. Hicho kidonge ndicho kimekuvurugia siku. Si ungekuja huku kwanza?"

Ningekuja kwanza! Siku tano nilikaa chumbani nikimsikia mama mkwe akiswali peke yake, nikiona aibu kwa Mungu na kwake. Siku ya sita nikaoga josho la uongo la kumaliza hedhi, nikarudi mswalani alfajiri. Saa nane mchana damu ikaja, damu yenyewe, na tumbo likaniuma. Nililia bafuni kwa furaha.

Alasiri mama mkwe akaita. "Mwanangu, njoo, wakati unapita."

Ningemwambiaje kwamba siku zimeanza tena? Nikasimama kando yake, nikainama alipoinama, mdomo nimeufumba. Alipomaliza akainua mikono, akamwomba Mungu kwa sauti anijaalie mtoto wa tatu.

Nikaitikia amina, huku moyoni nikimshukuru Mungu huyohuyo kwa damu.