Kiuno cha Orest Pawluk

Hebu mwone Orest Pawluk akiingia ukumbi wetu wa barafu hapa Dunmoor, Saskatchewan: theluji mabegani, ufagio kwapani, anakung'uta viatu mlangoni kama mwenye nyumba. Mwachie kiburi chake kidogo, kwa sababu miaka yote hiyo jiwe la mwisho lilikuwa lake.

Mchezo wetu wa kutelezesha mawe hauna mengi. Unachuchumaa, unajisukuma kwa mguu, unateleza na jiwe lenye mpini kisha unaliachia. Wenzako wawili wanalifagilia njia, nalo linajongea hadi kwenye duara la upande wa pili. La Orest lilikuwa likilala pale katikati kama paka kwenye mkeka aliouzoea. Ukimuuliza anafanyaje, anakujibu, "Nalisukuma."

Basi klabu ikamwomba awafundishe wanaoanza. Orest, fundi matrekta, si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Akasimama jikoni na ufagio, akaanza kujichunguza: kipi kinatangulia, goti au kiuno?

"Mume wangu," mkewe Verna akamwambia, "mguu huo umezaliwa nao. Leo ndiyo mnajuana?"

"Nyamaza, Verna. Nimeshapata. Ni kiuno."

Darasa lilifana sana. Wanafunzi wakawa wazuri, aliyeharibika ni mwalimu. Kila akichuchumaa anakisubiri kiuno, na kiuno kikija, jiwe limeshapitiliza duara na kugonga ubao wa nyuma.

Leonard, mdogo wake Verna, hakumwonea huruma hata kidogo. "Shemeji, hicho kiuno kimestaafu. Niachie unahodha, wewe ukafundishe."

Wakakubaliana mbele ya klabu nzima: wakifungwa na majirani zetu wa Strand, Leonard ndiye nahodha. Orest akaitikia, halafu hakula chakula cha jioni.

Siku ya mechi wakaenda sare mpaka likabaki jiwe moja, la Orest. Kwetu mtu akishachuchumaa, hata mwenye kikohozi hukimeza. Verna, mmoja wa wafagiaji wake, alikuwa kando yake na ufagio tayari, Leonard kule mbali kwenye duara. Verna akaona midomo ya mumewe inacheza: kiuno, goti, kiuno. Uso umemparama.

Akasema kwa sauti ileile ya jikoni, "Orest, dada yangu Olena anakuja kukaa kwetu. Mpaka Pasaka."

Ukumbi mzima uliduwaa.

"Mpaka Pasaka?" Orest akafoka, huku tayari anateleza. "Na mbwa wake?"

"Wote wawili."

"Verna, mimi nilishasema mwaka jana, yule mwanamke..."

Jiwe likawa limeshaondoka. Mdomo ulikuwa kwenye ugomvi, mkono ukaliachia wenyewe. "Fagieni!" Leonard akapiga kelele, kisha akasema taratibu, "Acheni. Liacheni lije." Likaja, likatulia katikati kabisa.

Sheria haimkatazi mtu kumsemesha mwenzake, ni adabu tu inayokataza. Verna akaenda kuwaomba radhi watu wa Strand, nao wakasamehe upesi, maana hapa mshindi ndiye anayemnunulia bia aliyeshindwa.

Orest mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya meza zao, mkono kiunoni, anang'aa. "Mliona? Kiuno kilitangulia! Nimekuwa nikiwaambia watu msimu mzima. Wewe, simama, nikuoneshe."

Leonard akamwinamia dada yake. "Mbona Olena hajaniambia kama anakuja?"

"Kwa sababu haji."

"Ala! Sasa utamwambia shemeji lini?"

Verna akamtazama mumewe. Alikuwa ameshawasimamisha wazee watatu wa Strand, wote wanasukuma viuno mbele. Tangu vuli hajamwona akicheka vile. Na Jumamosi ijayo kuna mechi nyingine.

Ungekuwa wewe ndiye Verna, ungemwambia?