Lebo ya Chupa ya Shangazi

Shangazi yangu aliuawa na adabu. Hospitali wameandika sumu, na mimi sibishani nao, lakini nilikuwepo na ninajua kilichomfanya anywe.

Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la pembejeo mjini Same, karibu na soko. Tuliuza mbegu, mbolea, pampu za mgongoni na dawa za wadudu, zilizopangwa kwenye rafu nyuma ya kaunta. Wakulima wengi hawasomi maandishi ya kwenye dawa, na siwalaumu, maana yameandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Wanasoma rangi. Chini ya kila lebo kuna mstari: ukiwa wa kijani, sumu yake ni ndogo, ukiwa mwekundu, ni ya kuua. Hilo hata asiyejua kuandika jina lake analijua.

Siku moja bosi akapigiwa simu na watu waliotuletea mzigo. Dawa mojawapo, tena kali kuliko zote tulizokuwa nazo, ilikuwa imetoka kiwandani na mstari wa kijani. Kosa dogo la uchapaji, wakasema, utadhani wamekosea jina kwenye kadi ya mchango wa harusi. Wakatuma lebo mpya zenye mstari mwekundu, na bosi akaniambia nizibandike juu ya zile za zamani, kimya kimya, wateja wasije wakashtuka. Nilibandika huku nasonya. Kama kuna kitu mteja anapaswa kushtukia, ni hicho.

Kazi ya kubandika dukani ilikwisha siku hiyo hiyo. Iliyonikosesha raha ni dumu moja kubwa lililokuwa limeshapanda mlimani. Lilinunuliwa na kikundi cha wakulima wa tangawizi huko Mamba, kijijini kwetu, na katika kikundi hicho alikuwemo shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimwazia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Asubuhi nilitia mfukoni lebo zilizobaki, nikapanda bodaboda.

Nilifikia kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa kuwa nyumba yake ipo barabarani na ya shangazi iko juu zaidi. Akanionyesha dumu. Lilikuwa tupu. Kwetu kitu cha kikundi hakilali kwa mtu mmoja. Kikifika tu kinagawanywa, watu wasije wakaanza kunong'onezana. Kila mmoja alikuwa amekuja na chupa yake, ya soda, ya maji, ya mafuta ya kula, akapimiwa, akaenda zake. Lebo ilibaki kwenye dumu na sumu ikatawanyika kijiji kizima.

"Si ubandike tu hapo kwenye dumu, bosi wako aridhike?" mwenyekiti akaniuliza.

Nilimjibu vibaya na sijutii. Nikamwambia apulize pembe.

Pembe kwetu ni wito wa msaragambo, ile kazi ya wote kama kuzibua mfereji. Ilipolia, watu wakaja na majembe. Nilicheka, kwa hasira lakini nilicheka. Ikabidi warudi tena makwao kufuata chupa, na zilipoanza kuja nikawa nazifuta na kuzibandika lebo nyekundu moja moja, huku nikiwaeleza kwamba dawa hii si ile waliyoidhania.

Shangazi peke yake hakutokea. Miguu ilikuwa inamsumbua. Jirani yake akaniambia nisihangaike, ameshampitia na kumwambia kwamba ile dawa inaua mtu na kwamba nimekuja kwa ajili ya chupa. Nikaacha kazi, nikapanda mlima haraka.

Nilimkuta ameketi kizingitini, amejifunga kanga ya kanisani. Mkononi alikuwa na chupa imejaa maziwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ungengoja tu, nilikuwa najikongoja nije."

"Ile dawa iko wapi?"

"Nimeifukia kule kwenye mawe, hata kuku hafiki. Na chupa nimeisugua kwa mchanga na majivu. Ni ya mke wa mwenyekiti, aliniazima siku ya kugawana, nikaona isirudi tupu. Lakini umechoka na mlima. Kunywa kwanza, yake nitamjazia tena."

Chombo cha kuazima kwetu hakirudi kitupu. Unatia maharage, unatia unga, unatia ulichonacho, na kukirudisha kikavu ni sawa na kumtukana mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa fimbo.

"Shangazi, weka chini. Hayo hayanyweki."

"Maziwa yangu hayanyweki?"

"Chupa ya sumu haioshiki ikatakata."

Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa amesikia kwamba namshuku. Na mwenyeji anayeshukiwa, kwetu, ana jibu moja tu: anaonja kwanza mbele ya mgeni. Aliinua chupa. Niliruka, nikaipiga ikaanguka, lakini alikuwa ameshameza, tena si kidogo.

"Haya," akasema, akijifuta mdomo. "Umeona mwenyewe? Ni maziwa tu."

Tulimteremsha kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kabla hatujafika mbali alianza kutoka jasho, mate yakawa yanamchuruzika, mwili unamtetemeka mikononi mwangu. Bado alikuwa ananiambia nisisahau kuiokota chupa ya watu. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nikamfokea anyamaze asimalize pumzi, na kweli akanyamaza.

Hospitali muuguzi aliuliza amekunywa dawa gani, na lebo yake inasemaje. Nikatia mkono mfukoni. Nilikuwa nimebakiwa na lebo moja, ya chupa yake. Nikampa. Alipouona ule mstari mwekundu aliondoka mbio kumwita daktari.

Walijitahidi sana, sina neno nao. Shangazi alifariki jioni ile. Lebo waliibandika kwenye jalada lake, chini ya jina, na ilikuwa sahihi, haina kosa hata moja.