Maharage Tuliyobeba Mpakani

Mjukuu wangu ameruka asubuhi hii kwenda Entebbe. Ndege ilipopita juu ya bati letu nikabandika maharage, maana kukaa nilishindwa. Hayajaiva, simu inalia: "Haboba, bibi yangu, nimefika! Saa moja tu angani."

Nikafunua sufuria, na maharage yale yakanirudisha njiani. Nilikuwa mtoto. Bunduki zililia mama ameshaloweka maharage. Alimwaga maji, akanitwika sufuria, tukashika njia ya Uganda kwa miguu. Moto hatukuwasha, moshi ungetuonyesha.

"Mama, bado mbali?"

"Mdomo haufupishi njia. Tembea. Ukimwaga, huko hatutakula."

Sikumwaga hata punje. Tulipovuka mpaka, mama alifunua, akakuta yameota. Nikamuuliza tunarudi nyumbani lini. Alitafuta kijiti, akaanza kuyapanda.