Pilipili Siku ya Posa

Mpitimbi nzima wamenicheka mpaka wamechoka, kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe kabla hawajaongeza chumvi: siku ya posa ya mdogo wangu Fausta, niliwafukuza washenga kwa pilipili.

Tangu wazazi watutoke mimi ndiye baba na mama wa nyumba (shule niliiacha darasa la sita, na kila mwenye mdomo hapa kijijini hunikumbusha). Washenga walikuwa wanatoka Majengo, watu wa suti, nami nilitaka wakute nyumba yenye heshima na mahindi yaliyosimama nyuma yake. Jioni, wakiwa njiani, jirani akapiga kelele kwamba tembo wanavuka mto. Basi mimi mjuaji nikawasha kinyesi chao kikavu kilichochanganywa na pilipili, moshi uliowakimbiza mwaka juzi.

"Dada, upepo unakuja kwetu," Fausta akasema.

"Hebu nenda kachane nywele. Tembo ana akili gani?"

Anayo. Yule jike mzee mwenye sikio lililopasuka, mkuu wa kundi, alisimama, akainua mkonga, akanusa huku, akanusa kule, kisha akawazungusha wanawe na wajukuu mpaka upande usio na moshi, wakaingia mahindini kwa mstari, wametulia kama waumini waendao komunyo. Mwaka juzi alikimbia, mwaka jana alisimama mbali akitazama, mwaka huu amehitimu. Mimi nikarudia darasa.

Moshi wote ukajaa sebuleni, ambako washenga ndiyo kwanza wamekaa. Mzee wao akafungua mdomo kuposa, akapiga chafya, meno ya bandia yakatumbukia kwenye kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Wenzake wakatokea dirisha la nyuma, wakakutana na makalio ya tembo.

"Mama wee! Tumekuja kuoa au kuzikwa?"

Bodaboda zikaondoka na suti zao. Fausta alilia, na sikuthubutu kusingizia moshi.

Kesho yake nikabeba jogoo hadi Majengo, nikapiga magoti mbele ya yule mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tutarudi, binti. Ila siku hiyo upepo utaelekea wapi?"

Walirudi. Nami sasa, kabla sijawasha hata moto wa chai, narusha majivu juu nione yanakoangukia, na simwiti tena mjinga bibi yule wa sikio lililopasuka, ambaye siku ile aliongoza familia yake vizuri kuliko nilivyoongoza yangu.