Mbwa Ambao Kaka Aliwaficha

Daktari alipochomoa sindano kifuani mwangu, nilikohoa maji ya chumvi na ngozi nyeupe kama maganda ya zabibu. Koo likavimba, likaziba. Nikawapiga manesi mateke nikitafuta pumzi. Siku ileile madaktari wakanipasua ubavu na kukata nusu ya pafu.

Pafuni mlikuwa na fuko la maji la minyoo inayotoka kwa mbwa. Nilikuja nalo London kutoka Kenya, nilikokimbilia baada ya mapinduzi Unguja, nikachunga kondoo na kulala zizini pamoja na mbwa waliowalinda. Kabla ya kunichoma, daktari aliuliza kama nimewahi kuishi na mbwa. Kiingereza sina, kaka yangu ndiye aliyenitafsiria.

"Mwambie nimelala nao miaka."

"Unataka tuaibike? Sisi Waislamu, mbwa wa nini? Nyamaza wewe!"

Akamjibu daktari hapana. Daktari akadhani ni jipu, akachoma; fuko likapasuka, maji yake yakawa sumu mwilini mwangu.

Sasa kaka anawahadithia watu msikitini kuwa wazungu wameniharibu. Daktari ana kosa lake, hakunipima hata damu. Lakini wewe, kaka, uliulizwa. Simama mbele ya watu haohao unijibu: kwa nini ulisema hapana?